Hofu imerudi vikao vikikaribia kwisha

Umeuliza kama uongeze vikao, kwa kuwa mteja aliyekuwa ametulia amepatwa tena na mashambulizi ya hofu (hofu kali ya ghafla) kwenye kikao cha 19 kati ya 24. Usikimbilie kuongeza. Katika tiba hii ya mazungumzo ya Barbara Milrod na wenzake, inayotafuta hisia zilizofichika nyuma ya mashambulizi ya hofu, vikao 2 kwa wiki kwa wiki 12, theluthi ya mwisho ni kazi ya kuagana, na dalili kurudi hapo si ajabu.

Anza na shambulio lenyewe: lilianza saa ngapi, alikuwa na nani, nini kilisemwa muda mfupi kabla, alidhani nini kitamtokea. Kama lilimshika alipotoka kwako, au siku uliyoahirisha kikao, ulizia hasira taratibu. Wengi huogopa kwamba wakikasirika watampoteza wanayemtegemea, basi hofu hushika nafasi ya hasira. Mwambie mteja hili kama dhana tu: "Huenda ni rahisi kifua kibane kuliko kunikasirikia kwa kukuacha."

Kosa la kawaida ni kumweleza mteja maana ya shambulio kabla maelezo yake hayajatosha. Mteja atakubali kwa adabu tu (na adabu kwa "daktari" ni nyingi mno), na mashambulizi yataendelea. Maumivu mapya ya kifua yapimwe hospitali kwanza.