Maswali ya Wasomaji: Kulitembea Jiji la Dar es Salaam kwa Miguu Ukiwa Umefikia kwa Marafiki

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Songea. Mwezi wa saba nitakwenda Dar es Salaam kwa wiki moja, na nitafikia kwa marafiki zangu wawili tuliosoma pamoja, ambao wamepanga nyumba Magomeni. Wote wawili ni waajiriwa, wanatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa nitakuwa peke yangu. Sipendi kushinda ndani nikitazama televisheni, wala sitaki waombe ruhusa kazini kwa ajili yangu. Nimewaeleza kwamba nataka kulitembea jiji kwa miguu, nao wamenijibu kuwa Dar es Salaam haitembeleki kwa sababu ya joto, magari na vibaka. Je, ni kweli? Na kama inawezekana, nianzie wapi?
Msomaji wa kike, Songea

JIBU: Dada yetu, marafiki zako wanalizungumzia jiji wanalolipitia kila siku wakiwa ndani ya basi, lile linaloenea hadi Mbezi, Mbagala na Gongo la Mboto, na hilo kwa hakika hakuna awezaye kulimaliza kwa miguu. Lakini ndani yake umo mji wa zamani, unaoanzia Kivukoni na kuishia kwenye bonde la Mto Msimbazi, ambao mitaa yake ilipimwa kabla gari halijawa chombo cha kawaida. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, na mpaka leo anayeupita kwa gari huona foleni tu.

Ninakushauri usianze kutembea kutoka nyumbani, bali umalizie nyumbani. Siku ya kwanza toka pamoja na wenyeji wako, panda mwendokasi, yaani basi liendalo haraka, Magomeni Mapipa hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni, kisha urudi polepole kwa miguu ukielekea magharibi. Jua la asubuhi litakuwa mgongoni badala ya usoni, na nguvu zikikuishia utakuta vituo vya Posta ya Zamani, Kisutu, DIT, Fire na Jangwani, ambavyo vyote viko kwenye njia ileile ya kukurudisha Magomeni. Kwa Barabara ya Morogoro umbali wote hauzidi kilomita sita, hivyo hata ukizunguka mitaani, hakuna hatua itakayokuacha mbali na usafiri.

Ipo sababu nyingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Wajerumani walihamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na chini yao, kisha chini ya Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916, watu walipangiwa mahali pa kuishi kwa kufuata asili zao. Wazungu walikaa mashariki penye upepo wa bahari, wafanyabiashara wenye asili ya India wakakaa katikati, na Waafrika wakasukumwa magharibi. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini walizozijua wazee wetu. Utawala ule umekwisha zamani, lakini mipaka yake bado inaonekana katika ukubwa wa viwanja, wingi wa miti na jinsi nyumba zinavyosogeleana. Anayetembea kutoka baharini hadi Kariakoo huzipita sehemu zote tatu kwa asubuhi moja, na ningependa kila Mtanzania azipite hivyo angalau mara moja maishani.

Ukishuka Kivukoni, elekea kwanza Mtaa wa Shaaban Robert, uliko bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na jirani yake Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 na ambako limehifadhiwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Hapa miti ni mikubwa na watu ni wachache, na utaelewa mara moja ni nani aliyekuwa amejitengea sehemu hii. Ikulu iko karibu. Pita kwa adabu na uiweke simu mkobani, maana kupiga picha hapo hakuruhusiwi, na busara hiyohiyo uitumie kwenye pantoni na bandarini.

Kutoka hapo fuata Barabara ya Samora hadi Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Kisha teremka ufukweni, ambako Kanisa la Kilutheri la Azania, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898, halipo mbali na Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Wageni wengi huishia hapo, lakini wewe endelea hatua chache tu. Karibu na kanisa hilo la pili ipo Nyumba ya Atiman, moja kati ya majengo machache yaliyobaki ya enzi ya Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Adrian Atiman, ambaye nyumba hiyo imepewa jina lake, alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu kwa miaka mingi sana Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Sijui jengo jingine katika jiji hili linalostahili zaidi kusimamiwa kwa dakika kumi. Boma la Kale, la enzi hiyohiyo ya Majid, liko mbele kidogo, na kuta zake nene za mawe ya matumbawe hupoza joto kuliko kiyoyozi.

Uhindini utaingia kwa mitaa ya Jamhuri, Zanaki na Kisutu. Huko inua macho, kwa sababu yaliyo ya maana yako ghorofani: roshani, madirisha yenye nakshi, na juu ya nyumba kadhaa jina la aliyejenga pamoja na mwaka. Maghorofa mapya ya vioo yanazifuta nyumba hizo moja baada ya nyingine, jambo linalonisikitisha, kwa hiyo usiahirishe. Hapa ndipo pa kula badia na kachori.

Ukipita Mnara wa Saa, uliojengwa Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961, utafika Mnazi Mmoja. Uwanja huu haukuachwa wazi kwa ajili ya uzuri. Wakoloni waliuacha ili kuwatenga wakazi wa Kiafrika na wengine. Vuka, uingie Mtaa wa Lumumba, mahali ilipozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954, yaani pembeni kabisa mwa uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu. Kutoka hapo Kariakoo yote iko mbele yako, na mitaa yake imenyooka na kukatana, hivyo si rahisi kupotea. Litazame jengo la soko, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lenye paa la zege mfano wa miavuli. Liliungua mwezi Julai 2021. Makao ya klabu ya soka ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, karibu kiasi kwamba utayaona yote mawili bila kubadili mwendo.

Kuhusu hofu za marafiki zako, zipokee kwa heshima. Mwezi wa saba ni wa baridi kwa kipimo cha pwani, lakini toka mapema, na kuanzia saa sita hadi saa tisa pumzika kivulini. Magari si hatari kama bodaboda, ambazo hupita pande zote na hata juu ya njia ya waenda kwa miguu; tazama kulia na kushoto hata kwenye barabara ya upande mmoja, na uwe macho kwa mitaro isiyofunikwa. Vibaka wa pikipiki hunyakua mkoba ulioning'inia upande wa barabara, basi uning'inize upande wa ukuta, na ukitaka kusoma ramani ingia dukani. Ukihitaji kuelekezwa, waamkie wazee wanaokunywa kahawa barazani, kwa sababu wao hawana haraka na wanaujua mtaa kuliko ramani; anayekuja mwenyewe kukuomba akuongoze, mshukuru na uendelee.

Sasa kuhusu wenyeji wako. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mgeni anayetembea kutwa huweza kusahau jembe lake. Kila asubuhi waeleze unakokwenda, na saa nane wajulishe kama utakula nyumbani, ili mtu asipike chakula cha kulala. Rudi kabla ya magharibi. Asubuhi moja uache kutembea, uende Soko la Feri kwenye mnada wa samaki, ununue, waparuliwe palepale, kisha urudi moja kwa moja kuwapika kabla wenzako hawajatoka kazini.

SWALI: Mimi ni mwenyeji. Rafiki yangu wa Nairobi amekuja kwangu Kinondoni na anataka kuzunguka mjini peke yake kwa miguu. Akipatwa na jambo, lawama itakuwa yangu. Nimkataze?
Mwenyeji, Dar es Salaam

JIBU: Usimkataze mtu mzima, ila mwandae. Jioni ya kwanza tembea naye mtaani kwako, umtambulishe kwa majirani, kwa muuza duka na kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, kwa sababu mgeni anayejulikana mtaani hulindwa na mtaa wenyewe. Hakikisha ana laini ya simu inayofanya kazi hapa, na umwandikie kwenye karatasi namba yako pamoja na alama ya karibu na nyumbani, kama vile msikiti, shule au kituo cha basi, maana simu huweza kuzima. Kubalianeni saa ya kurudi, na kabla ya saa hiyo usimpigie kila mara. Zaidi ya hayo mchongee ufunguo wake wa geti, ili asilazimike kubaki mjini hadi usiku akisubiri wewe utoke kazini.