Shelisheli langu halina mbegu, nitalipandaje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mshelisheli alioacha marehemu babu unazaa sana, ila kila shelisheli ninalopasua halina hata mbegu moja. Mwenzangu ana mti wenye mbegu tele. Wangu unaumwa? Nao umezeeka, nataka kuupanda tena.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mti wako mzima kabisa. Mshelisheli wa mwitu wa kule New Guinea ndio uliojaa mbegu, na watu huzichemsha au kuzichoma wakala. Mabaharia waliovuka Pasifiki kwa mitumbwi walichagua miti yenye nyama nyingi, wakaibeba kisiwa hadi kisiwa, mbegu zikipungua njiani. Samoa utakuta aina zenye mbegu chache. Ule wa jadi wa Hawaii, uitwao ulu, hauna kabisa.

Kwa hiyo mti kama wako hauwezi kujizalia mwenyewe. Unaishi kwa mkono wa mtu tu, na usipopandwa upya, aina hiyo imekwisha. Ndiyo maana nakuhimiza uanze wiki hii, mti ukiwa hai.

Fukua taratibu mzizi wa juu juu, unene wa kidole gumba au zaidi. Ukwangue gome kidogo, usiukate, kisha uache jeraha wazi. Patachipua. Chipukizi likifika sentimita 20 hivi, kata mzizi pande zote mbili, ling'oe na kipande chake, ulitie kwenye chombo chenye udongo mwepesi, kivulini, lisikauke. Mimi huchukua matatu, maana moja hufa mara nyingi.

Tena usidhani mashelisheli yote ni mamoja. Maafala wa Samoa na Tonga ni mti mfupi, unafaa uani. Maopo jani lake halina mikato mirefu kama ya wenzake. Msimu ukijaa, Wasamoa walizika matunda kwenye shimo lililotandikwa majani, yakachacha yakawa masi. Visiwa vya Marshall wanaita bwiro. Chakula hicho kilikaa miezi na miezi, kikawavusha watu baada ya tufani. Utomvu nao Wahawaii waliufanya ulimbo wa kunasia ndege, na kwingine ulikalafati mitumbwi.

Ukikata mzizi utomvu huo utakunata mikononi. Paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni.