Kwa mnaoanza kusimamia mikataba ya kulisha kambi za jeshi

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii hapa Mwanza, nilipeleka dagaa kambini kwa neno la mdomo. Ofisa wa ghala alipiga simu: chakula kinakaribia kuisha, leta mzigo, LPO, yaani hati ya oda ya manunuzi, itafuata. Nikapeleka. Wiki mbili baadaye akahamishiwa mkoa mwingine, na aliyempokea akafungua faili asione oda yoyote. Hakuwa na nia mbaya, ila angenilipa kwa karatasi gani? Pesa ile niliifuatilia miezi saba.

Jeshini watu huhama, wadogo zangu, tena kwa amri ya siku chache. Mkielewana kwa simu, siku hiyohiyo andika barua ukiitaja simu hiyo, ipeleke masjala, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Gari lisiondoke bila LPO, hata anayeomba awe na cheo gani.

Kuomba zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mnakujua kuliko sisi tuliozoea bahasha. Kwenye bei ndiko wengi wanakoumia. Dagaa wa ziwa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hupungua na bei ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupanda. Mkataba wako una bei moja ya mwaka mzima. Ukiwa umepiga hesabu kwa bei ya siku za giza, kila mwezi zitakuja siku za kulisha kambi kwa mfuko wako. Kusanya bei za giza na za mbalamwezi, za kiangazi na za masika, ndipo ujaze fomu.

Masika nayo ina lake. Dagaa hawakauki vizuri. Unawapima Kirumba wakiwa na unyevu, unawakabidhi siku mbili baadaye uzito umepungua, na kamati ya mapokezi inasaini kilo zilizosomwa na mizani yake. Wana haki. Vipimo vya mkataba vikisema dagaa wa chanja, walioanikwa mchangani watarudishwa, na mafuta ya gari ni juu yako. Kumbuka pia kodi ya zuio: asilimia 2 kwa bidhaa, 5 kwa huduma kama usafi. Hukatwa kabla fedha haijakufikia.

Kilo za mzigo wangu sikuzitaja, na nimefanya makusudi. Anayejua kambi inakula maharage kiasi gani kwa mwezi anaweza kukisia ina askari wangapi. Usitaje oda yako sokoni unapotafuta bei, na usipige picha gari likishusha. Kijana wangu mmoja alituma picha ya magunia kwenye kundi la WhatsApp kwa furaha ya kupata kazi. Nilimtoa kwenye mkataba ule siku hiyohiyo, kisha nikaenda mwenyewe kwa ofisa ugavi kumweleza kabla hajasikia kwa mwingine.