Mdogo wako anasikia sauti: msimfunge, mpelekeni hospitali

Dada, pole sana. Umesema mdogo wako hajalala siku nne, anajibizana na sauti, na wazee wanataka apelekwe kwa mganga kwa kuwa "Mirembe ukiingia hutoki".

Wazee hawadanganyi, wanasimulia ya zamani. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, enzi ambazo hapakuwa na dawa ya kutuliza sauti hizo; mtu alifungiwa tu. Klopromazini, dawa ya kuzituliza, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na taratibu wagonjwa wakaanza kurudi makwao.

Baba yangu mdogo alifungwa mnyororo kwa mganga miezi mitano. Kovu kwenye kifundo cha mguu analo hadi leo. Siku hizi anachomwa sindano kila mwezi hospitali ya wilaya, anauza mkaa, na hesabu anapiga mwenyewe.

Kwa hiyo mpelekeni leo, wala si lazima Dodoma. Anzeni hospitali ya wilaya, ulizieni huduma ya afya ya akili. Wampime malaria kwanza, maana hata malaria kali humfanya mtu aweweseke. Aende na aliyeona ilivyoanza, aseme yote, bangi ikiwemo. Akipata nafuu asiache dawa bila daktari. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Wazee wakitaka dua, waombe naye. Kamba na kumnyima chakula, kataa kabisa. Na akitamka kujiua, msimwache peke yake hata dakika moja. Nendeni usiku huohuo.