Kumbaya ni Kimakonde? Hapo bibi yako kapatia

SWALI: Shikamoo. Mi ni kijana wa Masasi, Pasaka tulikuwa kambi ya vijana wa kanisa, usiku tumezunguka moto tunaimba Kumbaya, sa kiongozi wetu akatuambia huo wimbo ni wa kwetu kabisa, eti Kimakonde cha zamani, watumwa waliopitishwa Kilwa na Mikindani ndo waliufikisha Marekani, afu waliokombolewa wakarudi nao hapa Masasi. Nilivyorudi nyumbani nikamuuliza bibi, yeye Mmakua ila Kimakonde na Kiyao anasikia vizuri tu, akacheka akasema neno hilo hajawahi kulisikia maishani. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi ndo mkweli, ila kiongozi wako simlaumu sana maana neno lenyewe lina mtego. Lina ku- mbele na -a nyuma, sikio la mtu wa huku linalipokea kama kitenzi bila hata kuuliza, mi mwenyewe utotoni nilijua ni habari ya kuwa mbaya, nikawa nashangaa mbona tunamwimbia Mungu maneno hayo. Sa we jaribu kulinyambua uone: nimembaya, tumembayana, amembayishwa. Haliendi popote.

Hayo ni maneno ya Wagullah, Wamarekani weusi wa pwani ya Georgia na South Carolina na visiwa vya hapo, vizazi vya watumwa waliolimishwa mpunga na pamba. Lugha yao ni krioli, Kiingereza kilichoungana na lugha za Afrika. Kum ni njoo, ba yah ni hapa karibu, yaani Bwana pita na hapa kwetu, kuna mtu anakuhitaji. Ni sala ya mtu aliyebanwa haswa, siyo wimbo wa kuchomea mahindi motoni.

Ushahidi wenyewe upo na unasikika. Mwaka 1926 jamaa mmoja anaitwa Robert Winslow Gordon alikuwa anazunguka pwani ya Georgia na mashine ya kurekodi kwenye silinda za nta, maeneo ya Darien akamrekodi mwimbaji aliyeandikwa kwa jina la H. Wylie, na wimbo ni huohuo, Come by Here. Miaka miwili baadaye Gordon akawa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya nyimbo za asili kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na silinda ikaingia huko. Shika huo mwaka 1926, maana baadaye alitokea mhubiri mmoja, Marvin Frey, akadai wimbo kautunga yeye mwaka 1936, akauchapisha kwa jina lake 1939. Frey kazaliwa 1918. Kwa hiyo Wylie anauimba kwenye mashine, huyo anayejiita mtunzi bado mtoto wa miaka kama 8! Watu walimwamini miaka mingi tu, na sababu ni kwamba yeye alikuwa na karatasi iliyochapwa na wale weusi wa pwani hawakuwa nayo.

Sa Afrika imeingiaje? Frey huyohuyo alisema kuna wamisionari walirudi toka Angola wanauimba kwa matamshi hayo ya kumbaya, na kwenye miaka ya 1950 vikatoka vijitabu vya nyimbo za kambi huko Ohio vimeandika ni wimbo wa Angola, basi ikawa hivyo. Mwaka 1957 kundi la wanafunzi, The Folksmiths, wakazunguka kambi za majira ya joto wanafundisha watoto nyimbo, na huo ukiwemo, 1962 mwimbaji wa Marekani Joan Baez akautoa kwenye santuri ukaenea dunia nzima. Cha kuchekesha, mmoja wa hao wanafunzi, Joe Hickerson, baadaye akaajiriwa kwenye hifadhi ileile yenye silinda ya Gordon, yaani aliyesaidia kuusambaza akaenda kukaa jengo moja na asili yake.

Kuhusu Kilwa na Mikindani, watumwa wa huku wengi walipelekwa Zanzibar, Uarabuni na visiwa vya Wafaransa vya bahari yetu hii. Mababu wa Wagullah walitolewa ule upande mwingine, Senegambia, Sierra Leone, na Angola pia, kwa hiyo damu ya Afrika kwenye huo wimbo ipo, sema siyo ya Newala. Na waliokombolewa wakaletwa Masasi na Askofu Steere wa misheni ya Waanglikana mwaka 1876 walitokea Zanzibar. Marekani hawajafika, wangeurudisha vipi wimbo wa huko?

Endeleeni kuuimba tu, mkitaka wekeni na ngoma, ila mwenye kutambulisha aseme ni wa Wagullah.

Afu kuna kitu umekiruka kwenye barua yako. Umesema bibi alicheka, hujasema yeye walikuwa wanaimba nini jioni kwao alipokuwa binti mdogo. Gordon alibeba limashine na silinda zake, we una simu. Kamuulize, mrekodi kama akiridhia, taja mwanzoni jina lake, kijiji na tarehe, zile za unyago usimlazimishe maana hatokuimbia, afu tuandikie tena.