Pikipiki ikizima ukiachia resi, usianze na skrubu ya sailensa

Msimu wa mvua uliopita pikipiki yangu ilinikosesha usingizi. Barabarani ilikuwa nzima kabisa, inapanda vilima vya Kalinzi na abiria pamoja na ndoo ya mawese bila kusumbua. Shida ilianza nikirudi mjini Kigoma. Nikikaribia tuta pale Mwandiga, nikishika klachi na kuachia resi, injini inakohoa mara mbili kisha kimya. Siku moja nilimbeba mama mmoja aliyekuwa anawahi boti Kibirizi. Ilizima mara nne njiani, na mara ya nne kulikuwa na lori nyuma yetu. Yule mama alishuka, akanilipa nauli yote, akaniambia, "Mwanangu, katengeneze hiki chombo kabla hakijaua mtu." Akaondoka kwa miguu, mzigo kichwani.

Nilichokuwa nimefanya hadi siku hiyo ndicho tunachofanya wengi: kupandisha sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa umeachia resi. Unazungusha ile skrubu ya kabureta mpaka injini ingurume juu juu, isipate nafasi ya kuzima. Nakuomba usifanye hivyo. Ugonjwa unabaki palepale, ila sasa unakula mafuta zaidi, injini inachemka ukiwa umesimama kijiweni, na kila ukiingiza gia namba moja pikipiki inaruka kwa kishindo. Baada ya hapo nilibadilisha plagi, haikusaidia. Fundi mmoja akaniambia ninunue kabureta mpya, na karibu ninunue.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Mwanga. Hakushika spana. Aliniuliza, "Inazima ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Na ukivuta choki inakuwaje?" Sikuwa na jibu lolote. Akasema, "Basi nenda ukaiangalie, halafu urudi."

Maswali hayo mawili yana thamani kuliko boksi zima la spana. Choki huongeza mafuta yakilinganishwa na hewa. Kwa hiyo kama injini inayumba, ukavuta choki nusu ikatulia, ujue kwamba ukiachia resi mafuta hayafiki ya kutosha, au kuna hewa ya wizi inaingia mahali. Ukivuta choki ikazidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi: angalia chujio la hewa lililojaa vumbi, boya la kabureta linalovujisha, au choki yenyewe iliyonasa. Kama choki haileti tofauti yoyote, peleka macho kwenye moto wa plagi na kwenye valvu. Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni afya, masizi meusi makavu ni mafuta mengi, nyeupe ni mafuta kidogo. Mwanya wake kwa pikipiki zetu nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.8.

Yangu ilitulia kwa choki. Mzee akaleta chupa tupu ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha, akafungua skrubu ndogo chini ya bakuli la kabureta na kumwagia mafuta humo. Tuliiweka chupa juu ya benchi tukasubiri. Baada ya dakika moja, chini ya petroli zilionekana shanga ndogo za maji zinatembea kila ukiinamisha chupa, na kando yake unga wa rangi ya matofali. Maji ni mazito kuliko petroli, hayawezi kujificha. Kipimo hiki hakina gharama na unaweza kukifanya nyumbani leo, ila kaa mbali na jiko na sigara.

Hapo nikaelewa kwa nini barabarani ilikuwa nzima. Resi ikiwa wazi, mafuta mengi hupita kwenye jeti kubwa, kile kipande chenye tundu ndani ya kabureta. Ukiachia, injini inalishwa na jeti ndogo, na tundu la jeti hiyo halifiki hata nusu milimita. Chembe moja ya kutu inaliziba. Tulifungua kabureta, tukatoa jeti ndogo, na tulipoielekeza kwenye jua hatukuona mwanga ukipita. Usiingize waya wa chuma humo! Ukilitanua tundu umeharibu jeti moja kwa moja. Tumia upepo wa kompresa, na uchafu ukigoma, uzi mwembamba wa mshipi unatosha. Huku kwetu ziwani haukosekani. Kuna pia skrubu ya kuchanganyia hewa na mafuta. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, ili uirudishe ilipokuwa. Ukikuta mwenzako alishaichezea, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho, kisha rekebisha kidogo kidogo. Skrubu hiyo ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua ni kuongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuifungua ni kuongeza mafuta. Wengi huchanganya hapa na kushangaa kwa nini hali inazidi kuwa mbaya.

Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne ikazima tena, tuta lilelile.

Kabureta haijichafui. Uchafu ulikuwa unatoka juu, kwenye tenki, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwa mfuniko wake kwa sababu mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Mimi naegesha nje, hata usiku wa mvua. Nilishusha tenki, nikatia petroli kidogo na nati 12, nikatikisa mpaka mikono ikauma, nikamwaga, nikarudia hadi petroli ikatoka safi. Zihesabu nati zako unapoziingiza na unapozitoa. Nikasafisha kichujio cha koki, nikaweka chujio dogo la plastiki kwenye mpira wa mafuta, na mpira mpya wa mfuniko nikaununua kwa pesa ya chai na chapati. Tangu hapo haijanizimikia.

Ukiutazama mfuniko, hakikisha pia kitundu chake cha kupumua kiko wazi. Kikiziba, pikipiki inakwenda kama dakika kumi au zaidi halafu inakufa. Ukifungua mfuniko unasikia tenki ikivuta pumzi, kisha inawaka kama hakuna kilichotokea.

Hewa ya wizi nayo ina dalili yake: ukiachia resi, mngurumo unabaki juu kwa muda kabla ya kushuka. Nyunyizia maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini huku injini ikiwaka. Sauti ikibadilika, mpira umepasuka au nati zimelegea.

Kama yako inawaka vizuri asubuhi lakini inazima ikishapata moto, fikiria tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Valvu zikibana sana hazifungi vizuri injini ikiwa moto, na mgandamizo unapotea kwenye mwendo wa chini. Mwanya wa tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, ya kulala usiku kucha. Pikipiki zetu nyingi zinataka mwanya kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Tapeti zinazolia kidogo zinakera, ila zilizobana kimya huunguza valvu. Kama huna vipimo vyake, mpelekee fundi anayevitumia, siyo anayekisia kwa kidole.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa shika skrubu ya sailensa. Endesha kwanza kama dakika kumi injini ipate moto. Weka stendi ya katikati, gia huru, choki imerudi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinatakiwa kukaa mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kama huna mita, shusha polepole mpaka injini ianze kusita, kisha rudisha kidogo itulie. Piga resi mara moja, achia ghafla. Washa taa, kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda usukani ukikatwa, waya wa resi umebana, ulegeze kabla hujatoka.

Mimi nilimalizia kwa kwenda Mwandiga bila abiria, nikasimama kwenye lile tuta, nikashika klachi na kuachia resi. Iliendelea kunguruma.