Wasomaji Wanauliza: Mtihani wa uwakili baada ya miaka bila daftari

Barua nyingi tulizopokea safari hii ni za watu waliosoma sheria zamani, wakaingia kazini au wakashika malezi, na sasa wanataka leseni. Masomo na alama za kufaulu hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tumejibu yale yasiyobadilika popote mtihani unapofanyika.

Nilihitimu miaka 9 iliyopita. Nina wiki 14, kazi ya kutwa na watoto wawili. Nimefungua kitabu cha sheria ya ushahidi nikaona kama sijawahi kukisoma. Nianzie wapi?

Kifunge kwanza. Kabla ya kitabu chochote, tafuta kanuni za mtihani wenyewe: karatasi ngapi, dakika ngapi, sheria zipi unaruhusiwa kuingia nazo, na kama unatakiwa kufaulu kila somo peke yake au alama hujumlishwa. Hilo la mwisho ndilo linalopanga ratiba. Ikiwa kila somo linasimama peke yake, somo lako bovu kuliko yote ndilo litakalokuangusha, basi saa nyingi ziende huko. Ikiwa alama hujumlishwa, saa ziende kwenye masomo yenye uzito mkubwa ambayo unayajua nusunusu, maana huko alama hupanda haraka. Somo dogo usilolielewa kabisa linaweza kukumeza wiki mbili likakurudishia alama tatu.

Kisha, ndani ya wiki ya kwanza, fanya mtihani mzima wa miaka iliyopita, kwa saa, bila kujiandaa. Utapata alama za kutia aibu, na ndizo unazozihitaji. Wengi huuahirisha "mpaka nisome kidogo," wakajikuta wiki ya 10 hawajajibu hata swali moja.

Sasa hesabu saa zako halisi, si zile za ndotoni. Saa moja na nusu alfajiri siku tano za kazi ni saa 7.5, saa 5 Jumamosi na 2.5 Jumapili zinafika 15 kwa wiki. Kwa wiki 14 ni saa 210. Toa wiki moja nzima, kwa sababu mtoto ataugua au bosi atazuka na dharura, zinabaki 195. Tungezipanga hivi: wiki ya 1 ni ya mtihani wa kujipima, ya 2 hadi ya 8 ni somo kwa somo, ya 9 ni akiba, ya 10 hadi ya 12 ni maswali yaliyochanganywa masomo yote, ya 13 ni mitihani miwili mizima, na ya 14 ni marudio na usingizi. Usiruke zile wiki za kuchanganya. Anayefanya maswali ya mikataba wiki nzima anajua jibu liko kwenye mikataba hata kabla ya kusoma swali, ilhali siku ya mtihani hakuna atakayemnong'oneza.

Kipindi kimoja cha dakika 90 kigawe hivi: 10 za marudio, 25 za kusoma, 30 za kujibu maswali, 25 za kusahihisha. Dakika za kusahihisha ndizo watu huzila wakichoka, na ndizo zenye faida. Kila kosa liandike kwenye daftari kwa mstari mmoja, pembeni weka herufi: S kwa *sikujua kanuni*, C kwa *nilichanganya kanuni mbili*, V kwa *nilisoma swali vibaya*, M kwa *muda uliniishia*. Ukifikisha makosa 40, hesabu herufi. Aliyejaza V na M hana haja ya kuongeza kusoma; tatizo lake haliko kitabuni.

Nina madaftari yangu ya chuo, mazuri na yamepigiwa mistari. Yanafaa?

Kwa kanuni za msingi za mikataba au za makosa ya madhara (yale ya kumdhuru mwingine, ambayo hudaiwa fidia), yanafaa kama ramani. Kwa sheria ya mwenendo wa kesi, kodi, kampuni, ardhi na ushahidi, usiyaamini mpaka umeyalinganisha na sheria ilivyo leo, kifungu kwa kifungu. Tafuta pia tarehe ya mwisho ya mabadiliko ya sheria yanayohesabiwa kwenye mtihani wako. Waandaaji wengi huitangaza.

Kuna mtego mwingine kwa aliyekuwa kazini: mazoea ya ofisi. Unaweza kuwa umewasilisha maombi ya aina moja kwa miaka 5 ukifuata anachokubali karani wa masjala, nawe ukaamini hiyo ndiyo kanuni. Mtahini anataka maneno ya kifungu.

Nasoma sura nzima, naielewa vizuri, keshokutwa imeyeyuka. Je, ni umri?

Hapana, ni namna ya kusoma. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kuwa sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema sana, kisha upotevu hupungua kasi. Ukisoma sura mara ya pili, macho yanayatambua maneno, nawe unadhani kutambua ni kukumbuka. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja liliyasoma tena, jingine likajaribu kuyaandika bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojijaribu wakakumbuka asilimia 56 na wenzao 42. Ndiyo maana kusoma tena kunadanganya: jioni ile ile unajiona uko vizuri.

Kwa hiyo soma kurasa chache, funika kitabu, andika kanuni kwa maneno yako, kisha funua usahihishe. Rudia baada ya siku 1, siku 3, wiki 1, wiki 3. Ukitumia kadi za kujiuliza, zenye swali mbele na jibu nyuma, kila kadi iulize kitu kimoja. Kadi inayosema "Uzembe ni nini?" ni mbovu, kwa sababu utajibu kwa ujumla na kujipa alama. Iliyo nzuri husema: "Taja mambo manne ambayo mdai wa uzembe lazima ayathibitishe." Nyuma: wajibu wa uangalifu, kukiukwa kwa wajibu huo, kukiukwa huko kuwe ndiko kulikoleta madhara, na madhara yenyewe. Ukitaja matatu, umekosa. Kadi 20 mpya kwa siku zinatosha; zaidi ya hapo marudio yatakuzidi kabla wiki ya tatu haijaisha.

Naandika maoni ya kisheria kila siku kazini, lakini insha zangu za mazoezi zinarudi na alama ndogo ingawa jibu ni sahihi. Kwa nini?

Kazini msomaji wako anataka hitimisho. Sheria anaijua au hajali. Mtahini hulipa hatua. Hitimisho lenyewe mara nyingi ni alama moja au mbili tu, zilizobaki ziko njiani. Tuone kwa swali dogo, kwa kanuni za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza:

A anamwandikia B kuwa anamuuzia gari kwa 10,000. B anajibu, "Nitalichukua kwa 9,000." A anakaa kimya. Kesho yake B anaandika, "Basi nakubali 10,000." A anamkatalia. Je, kuna mkataba?

Jibu la mtu wa ofisini: "Hakuna mkataba, kwa sababu B alitoa ofa mpya." Ni sahihi, na litapata alama chache. Sasa hili:

"Hoja ni kama ofa ya A ilikuwa bado hai B alipoandika kuwa anakubali. Kukubali lazima kulingane na masharti ya ofa. Anayebadilisha sharti la msingi hutoa ofa pinzani, na ofa ya kwanza hufa (Hyde dhidi ya Wrench, 1840). Maneno 'nitalichukua kwa 9,000' yalibadilisha bei. B hakuuliza tu kama A angeweza kupunguza, bali alitaja bei yake. Ofa ya 10,000 ilikufa hapo, na ujumbe wa siku ya pili ulikuwa ofa mpya ya B, ambayo A aliikataa. Hakuna mkataba."

Hoja, kanuni, kanuni ikigusa ukweli wa swali, hitimisho. Sentensi yenye thamani kuliko zote ni ile ya "B hakuuliza tu." Inamwonyesha mtahini kuwa unajua upande wa pili upo: katika Stevenson, Jacques & Co dhidi ya McLean (1880), mnunuzi aliyeuliza tu kama masharti yanaweza kulegezwa hakuiua ofa. Kesi hiyo ukiikumbuka, itaje; ukiisahau, andika tofauti yenyewe, alama nyingi bado utazipata. Usibuni jina la kesi.

Njia ya kujikagua ni rahisi. Ukimaliza insha ya mazoezi, piga mstari chini ya kila neno lililotoka kwenye ukweli wa swali: majina, bei, tarehe, maneno yaliyosemwa. Aya ya uchambuzi isiyo na mstari hata mmoja ni kanuni iliyoachwa hewani. Na kwa insha ya dakika 30, tumia 8 kusoma na kupanga, 19 kuandika, 3 kupitia. Muda ukiisha, acha sentensi katikati uhamie swali linalofuata. Dakika 10 unazoliongezea swali la kwanza hukuletea alama moja. Swali la mwisho lililobaki tupu hukugharimu alama zake zote.

Kwenye maswali ya kuchagua nabaki na majibu mawili, halafu nachagua lisilo sahihi.

Mara nyingi yote mawili yana hitimisho moja, ila sababu zinatofautiana. Soma kinachokuja baada ya "kwa sababu" kwanza. Shahidi anasema alimsikia fundi akimwambia dereva, "Breki zako zimekufa," na ushahidi huo unatolewa kuonyesha tu kwamba dereva alionywa. Jibu "unapokelewa kwa sababu fundi ni mtaalamu" lina hitimisho sahihi na sababu mbovu. Sahihi ni kwamba maneno hayo hayatolewi kuthibitisha kuwa breki zilikufa, kwa hiyo si ushahidi wa kusikia, yaani maneno ya mtu mwingine yanayoletwa mahakamani kuthibitisha kuwa alichosema ni kweli, ambao kwa kawaida haupokelewi.

Kwa muda: maswali 100 kwa saa 3 ni sekunde 108 kila moja. Ikifika saa ya kwanza uwe umevuka la 33. Kubadilisha jibu si mkosi kama wengi wanavyoamini. Tafiti nyingi zimeona wanaobadilisha huhamia kwenye jibu sahihi mara nyingi kuliko kwenye kosa. Badilisha ukiwa na sababu unayoweza kuitaja. Na kama kanuni za mtihani hazikati alama kwa kosa, usiache nafasi tupu.

Mtihani wetu ni wa kuandika kwa mkono, nami nimechapa kwenye kompyuta miaka yote. Nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una msingi. Mkono usiozoea huanza kuuma ndani ya saa ya kwanza, mwandiko unaharibika, na mtahini hawezi kukupa alama kwa asichokisoma. Kuanzia wiki ya 3 andika kila insha kwa mkono. Anza na dakika 30 mfululizo, ongeza 15 kila wiki mpaka ufike saa 3. Shika kalamu kwa ulegevu na usiikandamize karatasini. Andika mstari mmoja, ruka mmoja, kila hoja kuu ianze aya mpya. Kalamu utakazoingia nazo ziwe za aina uliyofanyia mazoezi, nne, zilizokwisha kutumika kidogo, maana kalamu mpya nyingine hukataa kutoa wino mwanzoni.

Wanaofanyia kwenye kompyuta nao wana lao: programu ya mtihani isakinishwe wiki mbili kabla, ijaribiwe kwa mtihani wa mfano, na kompyuta isiruhusiwe kujisasisha usiku wa kuamkia mtihani.